Tela la alumini la pikipiki linasumbua? Anza na dalili

Bomba la alumini lina uzito wa kama theluthi moja ya bomba la chuma la ukubwa uleule. Kwa mwenye pikipiki ya cc 125 au 150 anayepandisha mzigo Newala, hiyo si tofauti ndogo. Tatizo ni kwamba uwezo wake wa kukataa kupinda nao ni theluthi moja tu. Weka mzigo uleule, alumini itapinda mara tatu zaidi. Malalamiko mengi yaliyomo humu yanaanzia hapo: fundi amechukua vipimo vya tela la chuma, akabadilisha malighafi, na vipimo akaviacha kama vilivyokuwa.

Jambo la pili ni uzito. Uingereza, ambako matela ya pikipiki yana sheria yake, tela pamoja na mzigo havitakiwi kuzidi theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, na kwa vyovyote visizidi kilo 150. Pikipiki yenye kilo 120 inaruhusiwa kuvuta kilo 80. Toa kilo 30 za tela lenyewe, zinabaki 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Najua huku hakuna anayepakia mfuko mmoja. Lakini ukisoma dalili zilizo hapa chini, kumbuka kwamba kila unapovuka kiwango hicho unapunguza umri wa kitu fulani: mkono wa tela (bomba refu linaloliunganisha na pikipiki), beringi, au breki za pikipiki. Na abiria hapandi kwenye tela hata likiwa tupu.

Ndani ya kila dalili nimeanza na chanzo cha kawaida zaidi. Usiruke kwenda cha tatu kwa sababu jirani yako alikutwa nacho.

Tela linayumba kushoto na kulia ukiongeza mwendo

Kilomita 30 kwa saa liko sawa, ukikaribia 50 linaanza kutikisa mkia, na usukani unakuwa mwepesi mikononi. Likikuanza barabarani usikamate breki ya mbele kwa nguvu wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mafuta. Rudisha mkono wa mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe, ndipo utoke pembeni.

Chanzo kinachoongoza ni mzigo kukaa nyuma ya ekseli. Mlango wa tela uko nyuma, gunia la kwanza linatupwa mlangoni, la pili linakosa pa kupita, na mtu anaondoka hivyohivyo. Tela la magurudumu mawili linataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote uegemee ncha ya mkono, pale kwenye kiungio. Tela na mzigo vikiwa kilo 80, ncha inatakiwa kuwa na kilo 8 hadi 12. Kupima ni rahisi: chukua mizani ya kupimia uzito wa mtu, iweke juu ya tofali au kreti hadi ifikie kimo cha kiungio, laza ncha juu yake, soma. Ncha ikinyanyuka kwa kidole kimoja, shusha mzigo upange upya. Ikizidi asilimia 15 nako ni kubaya, kwa sababu pikipiki inakaa chini nyuma na tairi la mbele linapoteza mshiko.

Mzigo ukiwa sawa, angalia upepo wa matairi yote, ya tela na la nyuma la pikipiki, kwa geji na si kwa teke. Halafu shika tela kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugonga kwenye kiungio, pini au bushi imelika. Inua gurudumu mojamoja, likamate juu na chini, litikise. Likicheza, nenda kwenye sehemu ya beringi hapa chini.

Bado? Pima ekseli. Kwa futi ya fundi, chukua umbali kutoka katikati ya kiungio hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, kisha ya kulia. Tofauti ikizidi milimita 5, tela linatembea upande kama kaa. Legeza bolti za ekseli, isogeze, pima tena, kaza. Kama ekseli imechomelewa na haina nafasi ya kusogea, hiyo ni kazi ya kurudisha kwa aliyeitengeneza.

Chanzo cha mwisho ni mkono mfupi. Mimi sikubali umbali wa kiungio hadi ekseli uwe chini ya mara moja na nusu ya upana kati ya magurudumu. Mkono mfupi hurahisisha kugeuza uani, na hapo ndipo faida yake inapokoma.

Pikipiki inakataa kulala kwenye kona

Unaingia kona, unailaza pikipiki, inafika mahali inagoma, au tairi moja la tela linanyanyuka. Hii haina orodha ndefu ya vyanzo. Kiungio hakizunguki.

Gari halilali kwenye kona, pikipiki inalala. Kwa hiyo kiungio chake lazima kiruhusu miendo mitatu: kulia na kushoto, juu na chini, na kujizungusha kwenye mhimili wa mkono. Pini moja iliyosimama, kama ya trekta dogo la mkono, inatoa mmoja tu. Kichwa cha duara kama cha magari madogo kinatoa yote mitatu, lakini ule wa kujizungusha una kikomo, na ukifika kikomo bakuli linakaba shingo ya kichwa. Fanya jaribio hili kabla ya kulipa fundi pesa ya mwisho: tela likiwa limefungwa na halina mzigo, watu wawili waishike pikipiki na kuilaza polepole upande mmoja, kisha wa pili, hadi kigingi cha miguu kikaribie kugusa ardhi. Mwingine aangalie kiungio. Kikigusa au kukaba mahali popote, usiingie barabarani nacho.

Dawa ni kuweka kizungushio kwenye mkono: bomba ndani ya bomba lenye bushi, grisi, na kizuizi cha kuzuia lisichomoke. Usikubali kizungushio kinachoshikiliwa na nati ya kawaida. Nati iwe ya aina yenye nailoni ndani au ifungwe kwa pini ya kugawanyika. Na juu ya hapo, cheni ya usalama kutoka tela hadi kwenye fremu ya pikipiki, ipite chini ya mkono ili ncha ikichomoka idakwe isichimbe lami.

Ufa kwenye mkono au kwenye maungio

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo watu wanapoumia.

Chuma kikizidiwa, mara nyingi hupinda kwanza, mtu akaona. Alumini inaweza kukaa miezi ikionekana nzima, kisha ikakatika. Kila shimo la barabara linaipinda kidogo na kuirudisha, na uchovu huo haufutiki. Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho ukikaa chini yake kinaweza kupindwa na kurudi bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Hesabu yake inaendelea hata kwa mzigo mdogo, ni suala la lini.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho. Osha tela, likauke, tafuta mistari au vumbi jeusi kuzunguka bolti, riveti na mshono wa kuchomelea. Weusi huo ni alumini inayosagana, dalili kwamba kitu kinacheza pasipotakiwa kucheza. Angalia hasa pale mkono unapoingia kwenye bodi, upande wa juu na wa chini, na pembeni ya kila kipande kilichochomelewa kwa ajili ya kutia nguvu.

Ukiwa na shaka, tumia mafuta ya taa na chaki. Safisha sehemu hiyo hadi alumini ing'ae, pakaza mafuta ya taa kwa brashi, subiri robo saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Fanya kivulini na mbali na moto, na usilete mashine ya kuchomelea hapo kabla hujaosha mafuta yote.

Sasa vyanzo. Kinachoongoza ni alumini nyembamba mno. Maduka ya vioo huwa na mabomba ya fremu za milango na madirisha, na kwa kuwa ndiyo yanayopatikana, ndiyo yanayogeuzwa kuwa mkono wa tela. Kuta zake ni milimita moja na kidogo. Kwa ubavu wa bodi au mfuniko hayana neno. Kwa mkono na fremu kuu, tafuta ukuta wa milimita 3 au zaidi, na bomba refu zaidi kwa kimo kuliko lile ambalo ungetumia la chuma, kwa sababu kimo ndicho kinachokataa kupinda.

Cha pili ni kuchomelea kwenyewe, hata kulikofanywa vizuri. Alumini ya aina ya 6061 iliyotiwa nguvu kiwandani hupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo pale joto lilipopita. Ndiyo maana ufa mara nyingi hautokei kwenye mshono bali kando yake. Mwenye tela anaona mshono mzima anasema kazi ilikuwa nzuri, alumini ndiyo mbaya. Vyote vilikuwa vizuri. Eneo lililopikwa limebebeshwa mzigo lisiouweza. Ukichomelea tena juu ya ufa unapanua eneo hilo, na ufa wa pili utakuja mapema kuliko wa kwanza.

Cha tatu ni mshono usioshika. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake inahitaji zaidi ya 2,000. Ngozi hiyo isipoondolewa kwa brashi safi ya stenlesi na mashine inayofaa, yaani TIG ya mkondo wa kubadilika na gesi ya argoni, unachopata ni uji uliolala juu ya bomba. Mashine ya kawaida ya vijiti inayochomelea mageti si ya kazi hii. Na anayekuahidi kuchomelea alumini moja kwa moja kwenye chuma, muage kwa heshima, hivyo viwili haviungani kwa kuyeyushwa pamoja.

Tiba hutegemea mahali. Ufa kwenye bati la sakafu au ubavu: toboa tundu la milimita 4 mwishoni kabisa mwa ufa ili usiendelee, kisha funika kwa kiraka cha alumini kilichopigwa riveti pande zote. Ufa kwenye mkono, kiungio au mahali ekseli inaposhikwa: hapo hakuna tundu wala kiraka. Tela linasimama, sehemu inabadilishwa. Kama mafundi wa TIG wako mbali nawe, jenga upya kwa bolti: vibati vya milimita 5 pande zote mbili za ungio, ncha zake zikikatwa kwa mshazari ili mzigo usikatike ghafla mahali pamoja, na matundu yawe kwenye mbavu za bomba, si juu wala chini. Binafsi napendelea mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye bodi ya alumini. Unaongeza kilo chache, unapata kitu ambacho fundi yeyote wa Masasi au Nachingwea anaweza kukirekebisha.

Unga mweupe kuzunguka bolti, bati linavimba na kutoboka

Ukikaa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi au Kilwa, hii utaiona. Chuma na alumini vikigusana, kukawa na unyevu wa chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuanzisha, na maji ya samaki yanayodondoka kutoka kwenye tenga yanamaliza.

Fungua bolti moja ya mfano. Kama chini ya washa kuna unga mweupe uliogandamana, nyingine zote ziko hivyo. Zitoe moja baada ya moja, kwangua, osha kwa maji yasiyo na chumvi (visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi yake, onja kwanza), kausha, paka rangi ya msingi au grisi nzito, kisha rudisha kwa bolti za zinki au stenlesi zenye washa na kola za nailoni ili vyuma visigusane. Kati ya mkono wa chuma na bodi weka kipande cha plastiki ngumu au mpira wa tyubu. Shimo likiwa limelika hadi bolti inacheza, usiweke bolti nene na kuendelea. Sogeza ungio mahali penye alumini nzima.

Chanzo ambacho wengi hawakijui ni saruji. Kiwanda kiko hapahapa Mtwara, mifuko inabebwa kila siku, na mmoja ukipasuka, unga ukalowa, unakuwa alkali kali inayokula ile ngozi ya oksidi inayoilinda alumini. Fagia unga ukiwa mkavu, kisha osha kwa maji mengi siku hiyohiyo. Majivu yaliyolowa na sabuni zenye magadi makali hufanya vilevile, polepole zaidi.

Habu inapata moto au inalia

Baada ya kilomita kumi hivi simama, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kugusa, kisha gusa kidogo. Uvuguvugu ni sawa. Moto usioshikika, au moja kuwa na joto kuliko mwenzake, ni beringi.

Sababu ya kwanza ni grisi iliyokwisha au iliyoingia maji. Wanaopanda kivuko cha Msangamkuu au cha Kitunda, na wanaoshusha samaki ufukweni, huzamisha habu kwenye maji ya chumvi zikiwa na joto. Habu inapopoa ghafla huvuta maji ndani kupitia sili. Ukitoka hapo, fungua usafishe, weka grisi mpya ya beringi na sili mpya. Sababu ya pili ni nati iliyokazwa kupita kiasi. Kwa beringi za koni, kaza huku ukizungusha gurudumu, kisha legeza kidogo hadi lizunguke bila kukwama na bila kucheza. Ya tatu ni magurudumu ya toroli. Yanapatikana kirahisi, tairi lake linafanana na la bajaji, lakini beringi zake zilitengenezwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi: la inchi 8 linazunguka kama mara moja na nusu kila la pikipiki linapozunguka mara moja.

Beringi ikilia kwa kukwaruza usijaribu kufika nyumbani nayo. Ikikatika, gurudumu linatoka.

Matairi yanalika upande mmoja

Yote mawili ndani: ekseli imepinda kwa uzito. Yote mawili nje: ekseli imechomelewa vibaya. Moja tu: pima umbali wa habu kama nilivyoeleza juu. Ekseli iliyopinda haigongwi kwa nyundo ikanyooka, nunua nyingine.

Taa za tela hafifu, au indiketa zimebadilika kasi

Taa hafifu karibu kila mara ni njia ya kurudi umeme. Mafundi wengi huacha umeme urudi kupitia kiungio, na kiungio kina grisi, kutu na mchanga. Chukua kipande cha waya, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na hasi ya taa ya tela. Ikiwaka vizuri umepata jibu: pitisha waya wake wa kudumu. Usifunge shaba tupu kwenye alumini, itaila. Tumia kiunganishi kilichopakwa madini ya bati au zinki.

Indiketa zikienda mbio, kusuasua au kugoma baada ya kuongeza taa za tela, ni relei ya indiketa inayohisi mzigo usio wake. Weka relei ya kielektroniki isiyojali idadi ya taa. Fyuzi ikikatika kila mara usiweke kubwa zaidi. Fuata waya, hasa pale unapopita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga.

Pikipiki yenyewe inaumia

Cheni kurefuka haraka, klachi kuteleza na harufu ya kuungua mlimani ni uzito, hakuna siri nyingine. Punguza.

Kinachohitaji kuangaliwa kwa makini ni mahali kiungio kilipofungwa. Nyingi zimefungwa kwenye keria, kwa sababu ndicho chuma kilicho nyuma na kina matundu tayari. Keria ilitengenezwa kubeba kitu kinachosukuma chini; tela linavuta nyuma, linasukuma mbele unapofunga breki, na kukunja pembeni. Angalia rangi iliyochanika pale keria inaposhikana na fremu, na bolti zake. Kiungio sahihi kinashika fremu kuu, au kinashika ekseli ya tairi la nyuma kwa mikono miwili inayokutana nyuma ya tairi. Ukiona ufa kwenye fremu ya pikipiki, acha kuvuta kabisa, mpelekee fundi wa fremu, na kabla hajawasha mashine toa betri na tangi la mafuta.

Breki zinapungua nguvu kwenye mteremko

Tela halina breki, kwa hiyo dramu za pikipiki zinasimamisha vyote. Ukishuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma, ingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, wacha injini ishike, tumia breki zote mbili kwa vipindi badala ya kuzikandamiza mfululizo. Klachi usiikamate na injini usiizime.

Mshiko wa breki ukianza kufika karibu na mpini, simama mahali pa tambarare, weka mawe mbele ya magurudumu ya tela na subiri dramu zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka au kupinda. Zikishapoa, jaribu breki pikipiki ikiwa imesimama, kisha kwa mwendo wa kutembea. Kama bado ni laini, fungua tela uliache hapo na mtu wa kulilinda, tafuta gari la kuchukua mzigo, na pikipiki ishuke yenyewe taratibu hadi kwa fundi akabadilishe viatu vya breki.